Sahani imejaa, mtoto harefuki: mwongozo wa kumlisha mama na mtoto tangu mimba hadi miaka miwili

Mtoto alikuwa na miezi 16, wa kiume, mashavu yamejaa. Mama yake alikuwa ameacha viazi mviringo magunia manne nyumbani vikisubiri gari la Dar, na mparachichi wake ulikuwa unaangusha matunda hadi nguruwe wanayakinai. Tulimlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu. Sentimeta 73. Mvulana wa umri huo kwa kawaida anakaribia 80, na akiwa chini ya 75 anahesabiwa amedumaa. Mama alitazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Lakini huyu anashiba." Kweli alikuwa anashiba.

Nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii Njombe kwa miaka kadhaa, na sentensi hiyo niliisikia mpaka nikaizoea. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe 50, Rukwa nayo karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayowalisha wengine kwa mahindi na viazi. Kwa hiyo shida ya huku haianzi shambani. Inaanzia kwenye kijiko, kwenye saa za mama, na kwenye swali la nani anakula yai na nani anaambiwa likauzwe.

Mwongozo huu unafuata siku 1,000: 270 za mimba na 730 za miaka miwili ya mwanzo. Urefu unaopotea hapo huwa mgumu sana kurudishwa baadaye, na ubongo unaojengwa kipindi hicho haungoji mavuno.

Hatua ya 1: Hesabu makundi, usihesabu sahani

Chukua karatasi, andika ulichokula jana tangu ulipoamka. Mama wa yule mtoto aliniandikia hivi: asubuhi chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, mchana ugali na maharage, jioni ugali na majani ya maboga. Milo mitatu, tumbo halikulia njaa. Sasa hesabu: viazi na ugali ni kundi moja (wanga), maharage la pili, majani la tatu. Basi.

Wataalamu wa lishe wakipima ulaji wa wanawake huwa na makundi 10: vyakula vya wanga, kunde na maharage, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za kijani kibichi, mboga na matunda ya rangi ya njano au chungwa, mboga nyingine, matunda mengine. Lengo ni kufikisha angalau matano kwa siku. Huyu mama alikosa mawili tu, na yote mawili alikuwa nayo uani kwake: parachichi, na mbegu za maboga alizokuwa anazimwaga kila alipopika boga. Hakuhitaji kwenda sokoni.

Fanya zoezi hili kwa siku tatu mfululizo kabla ya kununua chochote. Nimeona watu wanakimbilia unga wa lishe wa bei mbaya wakati dagaa wa shilingi chache wangeziba pengo lote.

Hatua ya 2: Tengeneza damu kabla hujaihitaji

Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wengi wetu siku hizo hata hatujajua kama tumeshika mimba. Kama mwilini hakuna foliki asidi ya kutosha, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na kliniki utakayoanza mwezi wa nne haitarudisha nyuma. Ndiyo maana anayepanga kuzaa anashauriwa kutumia foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku mapema. Chakula nacho kina mchango wake: maharage, mchicha, majani ya kunde, maini, parachichi.

Ukishakuwa mjamzito, kliniki watakupa vidonge vya FEFO, vyenye madini chuma na hiyo foliki asidi kwa pamoja. Kimoja kila siku. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Vikikuletea kichefuchefu, meza usiku baada ya kula, ulale. Ila usiende dukani kununua foliki asidi ya miligramu 5 ukaichanganya na SP ya kuzuia malaria bila kuwauliza. Dozi kubwa kiasi hicho hudhoofisha SP.

Sasa suala la chai. Chai ya rangi, ya maziwa na kahawa vina kemikali zinazoshika madini chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu, hasa yale ya maharage na mboga. Unakula maharage mazuri, unateremshia na chai, na sehemu kubwa ya chuma inaishia chooni. Acha saa moja kabla na saa moja baada ya mlo. Badala yake weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo wenyewe: chungwa, pera, ubuyu, nyanya mbichi kwenye kachumbari, limau lililokamuliwa juu ya mboga. Hii ndiyo hila ya bei rahisi kuliko zote katika mwongozo huu.

Na pemba, ule udongo unaouzwa sokoni kwa mafungu. Wajawazito wengi wanaoutamani huwa na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazidi kuzuia madini chuma na unaweza kuleta minyoo. Ukijikuta unautafuna, usione aibu, mwambie nesi akupime wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu kwa mjamzito. Chini ya 7 ni hatari na ni suala la hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mimba inataka mlo mmoja wa ziada

Huli kwa ajili ya watu wawili. Unaongeza mlo mmoja mdogo na asusa juu ya milo yako mitatu: viazi vitamu na maziwa, au ndizi na karanga za kukaanga, au makande yaliyobaki. Mwanamke aliyeshika mimba akiwa na uzito wa kawaida huongezeka kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua. Aliyekuwa mnene anatakiwa aongezeke kidogo kuliko hapo, na aliyekuwa mwembamba zaidi.

Yai. Nimeambiwa na bibi zaidi ya mmoja kwamba mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Sikubishana nao sana, maana ukimshinda bibi kwa maneno, mkwe wake ndiye atakayelipa. Nilichofanya ni kuwauliza watoto wangapi wa nesi wa zahanati wana upara, kwa sababu nesi yule alikuwa anakula mayai kila mtu anamwona. Yai lililoiva vizuri ni protini, mafuta na kolini ya ubongo, vyote ndani ya ganda moja. Kula.

Chumvi iwe ya pakiti yenye madini joto, na uiweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Kanda hii ilijulikana zamani kwa rovu, uvimbe wa shingo, na ukosefu wa madini joto wakati wa mimba huharibu akili ya mtoto kabla hajazaliwa. Maini ni mazuri lakini kidogo, si kila siku, kwa sababu vitamini A ikizidi sana ni mbaya kwa mimba changa. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakati wake ukifika, waachie wengine.

Halafu kuna jambo ambalo halipikwi. Mwanamke akibeba kuni, maji na gunia hadi mwezi wa nane, chakula alichoongeza kinachomwa na kazi. Baba anayesoma hapa: kubeba maji ni lishe. Na maziwa ya ng'ombe yanayokwenda yote kwa mnunuzi asubuhi, baki na nusu lita.

Hatua ya 4: Saa ya kwanza na miezi sita

Ukijifungua, omba mambo mawili. La kwanza, kitovu kisibanwe haraka. Dakika moja hadi tatu za kusubiri humpa mtoto damu ya ziada, na damu hiyo ndiyo akiba yake ya chuma. Maziwa ya mama yana chuma kidogo mno, kwa hiyo akiba hii ndiyo inayomvusha hadi miezi sita. La pili, anyonye ndani ya saa moja. Maziwa yale ya njano mazito si machafu, usiyakamue ukayamwaga.

Kisha maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe, hadi miezi sita itimie. Kwa mwezi wa tatu utasikia, "Analia, maziwa hayamtoshi, mpe uji." Mara nyingi ukweli ni kwamba titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukimjaza uji ananyonya kidogo, titi linatengeneza kidogo, na kesho maziwa yatakuwa hayatoshi kweli. Mnyonyeshe mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwamo. Anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku na anaongezeka uzito anatosheka.

Msimu wa palizi ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu shamba liko mbali na mtoto anabaki na bibi. Kamua maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Kwa baridi ya kwetu yanakaa saa nne bila wasiwasi. Bibi amnyweshe kwa kikombe, si chupa, maana chuchu ya chupa ni ngumu kuisafisha.

Mama anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko mjamzito, kama kalori 500 kwa siku juu ya ulaji wake wa kawaida. Milo miwili midogo juu ya ile mitatu. Huku kwetu mzazi hupewa mtori na supu wiki za mwanzo halafu anarudishwa kwenye ugali na majani wakati ndio kwanza mtoto anaongeza kunyonya. Karamu inaisha mapema mno.

Hatua ya 5: Uji

Hapa ndipo urefu unapopotea, kwa hiyo nitakaa.

Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua chakula kama mililita 240, kikombe kimoja. Uji wa kunyweka, ule unaomiminika kama chai, una vijiko viwili vya unga kwenye kikombe hicho. Hizo ni kalori 70 hivi. Kilichobaki ni maji. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kalori 200 kutoka kwenye chakula juu ya maziwa ya mama, wa miezi tisa hadi kumi na moja 300, na aliyetimiza mwaka 550. Piga hesabu ya vikombe. Huyu wa mwaka angetakiwa anywe vikombe karibu vinane. Atashiba cha pili, alale, na watu waseme ni mtoto mtulivu.

Kipimo ni kijiko. Chota uji, kiinamishe. Ukimwagika mara moja, ni maji. Uji wa mtoto unatakiwa ukae kwenye kijiko, uteleze polepole kwa uzito wake.

Mama watasema, uji mzito mtoto anaukataa, unamkaba. Ni kweli, na kwa hilo kuna kimea. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi vitokee vimizizi. Anika juani, sugua vimizizi vyote vitoke, saga. Pika uji mzito kama ugali laini. Uepue, uache upoe kiasi kwamba kidole kinavumilia, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Hesabu dakika kumi. Nilipowafanyia akina mama hivi mara ya kwanza walidhani nimeongeza maji kwa siri: uji uliokuwa unasimama ulianza kutiririka mbele ya macho yao. Kimea kinakatakata wanga, maji hayajaongezwa hata tone. Urudishe jikoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu kile kijiko kilikuwa kibichi. Kuotesha nafaka, na kuichachusha kama tunavyofanya kwenye togwa, kunapunguza pia vitu vinavyozuia chuma na zinki.

Sasa tia vingine humo. Kijiko cha karanga zilizosagwa au mafuta, parachichi lililopondwa, maziwa, yai lililopigwapigwa uji ukiwa unachemka. Dagaa: toa vichwa, osha, kaanga bila mafuta wakauke, twanga, chekecha, weka kijiko kwenye chakula kikiwa jikoni. Kuanzia miezi sita mtoto anaweza kula hivi vyote, pamoja na nyama iliyosagwa au kukwanguliwa. Akiba yake ya chuma imeisha, hivyo nyama, maini na samaki havisubiri meno. Asali isubiri mwaka mmoja, na karanga nzima zisubiri hadi miaka mitano zisije kumkaba.

Niseme na ule unga wa lishe wa "mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili". Siupendi. Soya, karanga, mahindi, ngano, mtama na mchele haviivi kwa muda mmoja. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka unga unachacha mapema, na punje moja yenye ukungu inaharibu debe zima. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haionekani kwa macho wala haifi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na inatiliwa shaka kuchangia udumavu pia. Nafaka moja au mbili zilizokauka vizuri, ulizochambua mwenyewe, zinatosha. Karanga saga kidogo kidogo, kando. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au chungu, tupa, usimpe kuku.

Kiasi: miezi 6 hadi 8 anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, upande hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe, mara tatu au nne, na asusa. Kuanzia mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, asusa mbili. Na kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi. Mpe bakuli lake. Mtoto anayechota sinia moja na kaka zake watatu anashindana na watu wenye mikono mirefu.

Hatua ya 6: Akiugua, usimfunge mdomo

Kuhara hakutibiwi kwa njaa. Endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kama hajafika miezi sita, 20 kama amefika. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Huo ndio muda wa kulipa deni, na ndio watu wanaousahau kwa sababu homa imeshaisha.

Juni na Desemba mpeleke apate matone ya vitamini A, kuanzia miezi sita, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Nyumbani, viazi lishe vya rangi ya chungwa, embe, papai, boga na mboga za kijani zilizotiwa mafuta kidogo vinafanya kazi hiyohiyo. Bila mafuta vitamini A haisafiri. Mboga usizipike mpaka zigeuke rangi, na usimwage maji yake.

Hatua ya 7: Soma kadi mwenyewe

Iringa ndiko ulikoanza, 1983, mradi maarufu wa lishe wa WHO na UNICEF, na moyo wake ulikuwa siku ya kijiji kupima watoto na kujadili majibu pamoja. Siku hizi tunapima, nesi anaweka nukta, mama anakunja kadi. Usiikunje. Uliza mstari unakwenda wapi. Mstari unaopanda, hata ukiwa chini kidogo, mtoto anakua. Mstari uliolala miezi miwili ni onyo hata kama mtoto anacheza. Uzito pekee hautoshi, omba apimwe na urefu. Yule mvulana wa sentimeta 73 uzito wake ulikuwa unaridhisha.

Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu nao usome, kuanzia miezi sita: kijani ni sentimeta 12.5 na zaidi, njano 11.5 hadi 12.4, nyekundu chini ya 11.5. Nyekundu ni kituo cha afya leo. Bonyeza pia juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba sekunde tatu. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, ni kwashakoo, utapiamlo mkali wa kuvimba, hata kama mashavu yake ni makubwa. Hapo pia ni leo.

Kuna akina mama wanaoacha kuja kwa sababu jirani amesema mtoto kabemendwa, kwamba wazazi hawakuvumilia kipindi cha kunyonyesha. Mama wa yule mvulana alikuwa mmoja wao. Kabla ya siku ile alikosa kliniki miezi minne. Nilimwomba anipikie uji kama anavyompikia mtoto. Nikachota kijiko, nikakiinamisha juu ya sufuria, sote wawili tukautazama ukimwagika. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza ulezi unalowekwa saa ngapi.